Mafunzo ya Ufundi na Suala la Zana: Mfano wa Puli ya Injini

Katika taaluma yetu ya ualimu neno "zana" limezoeleka kuwa na maana moja tu. Mwalimu mwanafunzi akiulizwa zana zake ziko wapi, huonyesha chati, kadi za maneno, ramani iliyochorwa juu ya gunia la unga, au mfano wa moyo uliofinyangwa kwa udongo wa mtoni. Hizo ni zana za kufundishia, nasi hatuna ugomvi nazo. Lakini kwa mwalimu wa ufundi ipo maana ya pili, ambayo ndiyo ya kwanza kwa watu wote walio nje ya chuo: zana ni kile fundi anachokishika mkononi ili kazi ifanyike. Tunaandika makala haya kwa sababu tumeona, kwa macho yetu na kwa gharama ya mfuko wetu, jinsi mafunzo yanavyoharibika zana ya kwanza inapokuwapo na ya pili inapokosekana.

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 pamoja na Mkoa wa Simiyu, baada ya kuwa sehemu ya Magu kwa miaka mingi. Mji umekaa kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpakani Sirari, na kwa hiyo kila namna ya gari hupita hapo: mabasi, malori ya samaki, malori ya pamba wakati wa msimu, na zaidi ya yote magari madogo ya abiria yanayokwenda Lamadi na kurudi. Penye barabara hapakosi gereji. Gereji nyingi za hapo ni mwembe mmoja, paa la mabati, pipa la oili chafu na benchi la vyuma. Ni katika gereji ya namna hiyo tulikokwenda kumkagua kijana wetu aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo.

Tulimkuta peke yake. Fundi mkuu alikuwa amekwenda kutafuta mkanda, naye kijana alikuwa ameachiwa Hiace moja ambayo puli yake ya krenki ilikuwa imechakaa. Kijana huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Katika mtihani wetu wa maandishi alikuwa ametaja sehemu zote za injini bila kukosea hata moja, na mchoro wake ulibandikwa ukutani kuwa mfano kwa wenzake. Alikuwa amekwisha kuifungua bolti ya katikati kwa kuongeza bomba refu kwenye spana. Puli ikagoma kutoka. Basi akachukua nyundo na tindo, akaanza kuigonga kwa nyuma, upande huu na upande ule, mpaka ukingo wake ukapasuka, kipande kikaruka, na tindo ikateleza ikachana sili ya oili. Kidole chake kimoja kilikuwa kinavuja damu, naye alikuwa amekifunga kitambaa kichafu akaendelea kugonga.

Fundi mkuu aliporudi hakumfokea. Alitazama puli, akatazama sili, kisha akatugeukia sisi na kusema, "Walimu wangu, huyu mdogo wangu mmemfundisha majina. Kazi nitamfundisha mimi. Lakini puli hii atailipa nani?" Mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo, na kila saa iliyopita ilikuwa ni safari moja ya abiria aliyoikosa. Tulichanga, fundi akaongeza, puli iliyotumika ikaagizwa kutoka Mwanza. Kijana hakuonekana gerejini kwa siku nne kwa aibu, na tulikaribia kumpoteza kabisa.

Tuliporejea tulifanya jambo ambalo tungelifanya kabla. Tuliuliza kama kijana huyu amewahi kukiona chombo cha kuvutia puli, kile ambacho mafundi hukiita pula. Jibu ni kwamba alikiona kwenye mchoro. Je, karakana iliyomfundisha haikuwa nacho? Ilikuwa nacho kimoja, kipya, kimepakwa grisi na kufungwa katika karatasi yake ya kiwandani, ndani ya kabati lenye kufuli. Kilitolewa siku za ukaguzi. Hatumtaji mtu wala mahali, kwa kuwa tunajua kabati la namna hiyo lipo katika vyuo vingi, na baadhi yetu tumewahi kuushika ufunguo wake.

Yafaa sasa tueleze kazi yenyewe kwa faida ya wasomaji wasio wa upande wa ufundi, maana hoja yetu imo ndani ya kazi hiyo. Krenkshafti ndilo fito lenye makombo linalogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mwendo wa mzunguko. Kwenye ncha yake ya mbele imefungwa puli, na puli hiyo huzungusha mkanda unaoendesha altaneta, mara nyingi na pampu ya maji, na katika magari mengine pampu ya usukani. Puli ya injini nyingi za siku hizi si chuma kimoja. Ni vyuma viwili, kitovu cha ndani na pete ya nje, vilivyounganishwa kwa mpira mnene. Kila silinda inapolipua mafuta, krenki hujisokota kidogo sana na kujisokotoa, na mpira huo hupunguza mtetemo wa kujisokota. Mpira unapozeeka kwa joto na oili, hupasuka au huachia. Hapo pete ya nje huyumba, mkanda hulia, huchanika au huruka, taa ya chaji huwaka, injini huchemka kwa kuwa pampu haizunguki. Puli ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, mtetemo usiopunguzwa huweza hata kuiharibu krenki yenyewe.

Kuna jaribio moja la kuigundua puli ya namna hii ambalo tunalipenda kuliko yote, kwa sababu chombo chake mwalimu anacho mfukoni siku zote. Chukua chaki, zima injini, chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu, uvuke mpira, mpaka kwenye pete ya nje. Washa injini, mwache dereva akanyage mafuta mara chache, kisha zima na utazame. Mstari ukiwa umekatika, nusu moja huku na nusu nyingine kule, pete imeteleza juu ya kitovu na puli hiyo haifai tena. Mwanafunzi aliyeliona jaribio hili mara moja halisahau, na hahitaji kukariri kwamba puli ina sehemu mbili, maana ameziona zikiachana.

Tuje kwenye kuivua. Ugumu uko mahali pawili. Kwanza ni bolti ya katikati. Bolti nyingi za krenki za magari madogo hukazwa kwa zaidi ya nyutoni-mita 100, na nyingine hupita 200. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Ndoo hiyo ikining'inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 25, momenti yake ni nyutoni-mita 50 tu, na bolti haitacheka wala kulia. Ikining'inizwa kwenye ncha ya bomba la mita moja, ni nyutoni-mita 200. Hili ni somo la wenzo na egemeo, ambalo kila mwanafunzi amelisoma kwa mfano wa mbao na jiwe. Wangapi wameliona kwa ndoo, bomba na bolti? Lakini bolti ikisukumwa, krenki nayo huzunguka. Kwa hiyo inatakiwa zana ya kuizuia, nayo ni chuma bapa chenye bolti mbili zinazoingia katika matundu ya puli, ncha yake ndefu ikaegemezwa mahali imara. Injini za Honda nyingi zina tundu la pembe sita katika puli, lenye upana wa milimita 50, kwa ajili ya zana yake maalumu. Land Rover za zamani zilikuwa na nati yenye meno ambamo hendeli ya kuwashia iliingizwa. Wazee wetu wa ufundi wanaikumbuka vizuri, na baadhi wanaikumbuka kwa mkono uliovunjika.

Pili ni puli yenyewe, ambayo imekaza juu ya krenki kwa miaka, pengine na kutu. Hapa ndipo nyundo humdanganya kijana. Pigo la nyundo ni kani kubwa ya muda mfupi mno, nayo huangukia ukingoni, wakati puli imeshika katikati. Ukingo hupinda au kupasuka, mpira huchanika, na pigo likipita mpaka ndani hufika kwenye vibao vinavyoizuia krenki isiende mbele na nyuma. Pula hufanya kinyume chake. Bolti zake hushika matundu yenye nyuzi yaliyomo katika kitovu (puli nyingi za Toyota zina mawili, ya bolti za milimita 8), na skrubu ya katikati husukuma ncha ya krenki polepole. Mtu akizungusha skrubu yenye nyuzi za milimita 2 kwa mkono wa sentimita 25, ncha ya mkono husafiri karibu sentimita 157 ili skrubu isogee milimita 2. Hata msuguano ukila sehemu tisa katika kumi, kani ya ile ndoo moja ya maji inakuwa zaidi ya nyutoni 15,000, yaani uzito wa tani moja na nusu, tena ikivuta sawasawa pande zote. Pula yenye makucha yanayoshika pete ya nje haifai kwa puli yenye mpira; hiyo nayo huchana kile inachotaka kukiokoa.

Sasa hoja yetu. Tunaona kwamba katika mafunzo ya ufundi wa magari mwanafunzi aanze na zana kabla ya kuanza na orodha ya sehemu, tena aitengeneze kwa mkono wake. Pula ya puli ni chuma bapa chenye unene wa milimita 12 na urefu wa kiganja, matundu mawili yaliyokatwa marefu ili bolti zisogezwe kufuata puli mbalimbali, nati moja iliyochomelewa katikati, na bolti ndefu ya milimita 14 iliyochongwa ncha. Fundi wa kuchomelea madirisha anao uwezo wa kuifanya kabla ya chakula cha mchana. Katika kuitengeneza, mwanafunzi atalazimika kujua mambo ambayo hakuna chati iliyoyasema: kwa nini matundu yawe sawa kutoka katikati, kwa nini bolti za pembeni ziwe za chuma kigumu, kwa nini ziingie ndani angalau kadiri ya unene wake zenyewe zisije zikang'oa nyuzi, kwa nini kiwekwe kipande cha chuma kati ya skrubu na ncha ya krenki ili nyuzi za ndani zisiharibike. Kila "kwa nini" ni kipindi kizima cha fizikia, na hakuna mwanafunzi atakayesinzia.

Tunajua tutaambiwa kwamba hili si jipya. Ni kweli. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kiini chake kilikuwa kuondoa ukuta kati ya darasa na kazi. Shule nyingi zikalielewa kwa maana ya shamba la mahindi, na mwanafunzi akapata jembe bila kupata swali. Na kusini mwa Ziwa letu hili, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe zamani za kale. Kijana aliyejifunza kwao alianza na mivukuto, wala hakuanza na jina la jembe. Hatusemi turudi huko. Tunasema tu kwamba utaratibu wa kuanza na zana hatukuletewa na mgeni.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka gerejini kwenyewe. Mafundi wa barabarani wanavua puli kila wiki bila pula wala spana ya kupimia kani ya kukazia, na magari yanatembea. Wengine huegemeza spana kwenye chesisi na kugusa stata kidogo ili injini yenyewe ifungue bolti. Tumeona ikifanyika, na bolti ikafunguka. Tumeona pia spana ikichomoka na kutoboa rejeta. Mbinu hiyo haifai kufundishwa, na katika karakana ya shule betri ifunguliwe kabla ya kazi hii kuanza, hilo halina mjadala. Lakini tusiwadharau mafundi hawa. Yule fundi wa Nyashimo, kabla ya kufunga puli mpya, alipitisha ukucha juu ya kitovu cha ile iliyopasuka, akatuonyesha mfereji mwembamba uliochimbwa na sili kwa miaka. Alisema kwamba ukifunga sili mpya juu ya mfereji huo, oili itavuja tena kabla ya mwezi kwisha. Hakuna andalio la somo letu lililokuwa na jambo hilo. Kadhalika alikataa kuirudisha bolti ya zamani baada ya kuitazama nyuzi zake, na katika injini nyingine, ambazo watengenezaji wake wameagiza bolti hiyo itumike mara moja tu, angekuwa sahihi kabisa.

Kile ambacho fundi hana ni neno la kueleza kwa nini, na kile ambacho sisi hatuna ni ukucha wake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, na huo ni utaratibu mwema. Lakini urasimishaji unampa fundi cheti. Haumleti fundi darasani akae upande wa mwalimu. Sisi tungependa aje, alipwe kwa saa zake, na mkufunzi aandike anachokisema.

Suala la lugha tutaligusa kwa kifupi. Baharini puli ni roda au kapi, gerejini ni puli, na katika kitabu cha kiwandani ina jina refu la Kiingereza ambalo hutofautiana kitabu kwa kitabu. Kijana wetu alilijua lile jina refu na akapata alama zake. Lakini alipoulizwa gerejini aeleze puli inashikwa na nini katikati, alinyamaza, maana kiingiacho katika kijinjia cha krenki na puli ili zisipishane alikijua kwa Kiingereza pekee, na fundi hukiita "kii". Mwalimu wa ufundi ayafundishe majina yote mawili, na aanze na lile litakalotumika pale mtu anapopiga kelele chini ya gari.

Kuhusu mitihani tuna neno kali zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, na hivyo watoto wengi zaidi watafundishwa ufundi na walimu watakaotoka mikononi mwetu. Tukiwatahini kwa kutaja sehemu, watafundisha kutaja sehemu. Tumejaribu mtihani wa namna nyingine kwa kundi dogo: mwanafunzi anawekewa mezani puli tatu zilizokwisha kuvuliwa, pula mbili na nyundo, anaambiwa achague na aeleze. Puli moja ina ukingo uliopinda, ya pili mstari wa chaki uliokatika, ya tatu nzima. Pula moja ni ya makucha. Hakuna jibu la kukariri. Wengine waliokuwa wa mwisho katika karatasi walikuwa wa kwanza hapa, na mmoja aliyeshika nyundo alitueleza kwa ufasaha mkubwa kwa nini anaishika, naye alikosea, lakini kwa mara ya kwanza tulijua anakosea wapi.

Wapo wenzetu waliolalamika kwamba mtihani huo huchukua muda mrefu, dakika kumi na tano kwa kila mwanafunzi, na kwamba darasa la wanafunzi arobaini haliwezekani. Hesabu yao ni sahihi: ni saa kumi kamili. Sisi tuliugawa kwa wiki mbili na kuutumia pia kama marudio, lakini hatudai kwamba tumelimaliza tatizo. Katika darasa la sitini hatujui kama ungewezekana bila msaidizi.

Kuhusu kabati, tulipendekeza mahali tunapofanya kazi kwamba pula ya kiwandani itoke katika karatasi yake na itundikwe ukutani, na umbo lake lichorwe kwa rangi nyuma yake ili ikikosekana ionekane. Daftari limewekwa chini yake. Anayeichukua huandika jina, tarehe na gari. Mpaka sasa imepinda skrubu moja, nayo imebadilishwa kwa bolti ya dukani. Mtunza stoo hajafurahi.

Kijana wetu alirudi Nyashimo siku ya tano. Fundi alimpa chuma bapa na kumwambia atengeneze pula yake kabla hajagusa gari lolote. Ya kwanza matundu yake hayakulingana, ikavuta upande mmoja, ikatupwa. Ya pili inafanya kazi, nasi tuliiona ikivua puli ya Probox kwa muda usiozidi dakika kumi, bila pigo hata moja. Anaikodisha kwa gereji za jirani. Wasomaji wenye mchoro bora kuliko huo wa chuma bapa, hasa kwa puli zenye matundu matatu, tunawaomba wautume ili tuujadili katika kurasa hizi.